Katoni ya Mlangoni

Madaftari kumi na moja ya mshairi Mmarekani yalipotea, na niliyeyapoteza ni mimi. Nilikuwa na siku sita za kuyarudisha. Nilijua yalipo, au nilikuwa na sababu ya kutosha ya kukisia, na sikufanya kitu.

Mshairi aliitwa Verna Haddix. Sisi tulimwita Maman Verna. Nilimfahamu mwaka 2004, aliponipigia simu nimhamishe kutoka nyumba kubwa aliyoachiwa na mume wake, mhandisi Mbelgiji, kwenda kwenye vyumba viwili karibu na uwanja wa Flagey, hapa Brussels. Kazi yangu ni kuhamisha watu. Nina lori moja na mwenzangu mmoja, Burhani, mtu wa Bujumbura, anayeongea kidogo, anayeswali kwa wakati na ambaye hajawahi kuvunja kioo cha mteja.

Siku ile tulibeba katoni sitini za vitabu. Nilimuuliza mama huyo kama vyote amevisoma. Akasema vingine ameviandika. Nilidhani ni mzaha wa kizee, mpaka alipofungua katoni moja akanionyesha vitabu viwili vyembamba vyenye jina lake. Cha kwanza kilitoka mwaka 1969. Kwao Marekani kilipata tuzo kubwa, picha yake ikatoka magazetini, akapewa kazi ya kufundisha chuo kikuu. Cha pili kilitoka 1977, na waliokisoma walisema hana jipya. Baadaye akaolewa, akaja Brussels, na tangu hapo hakutoa tena kitabu.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Mtu mwenye shule asingeuliza hivyo, lakini mimi niliishia darasa la sita. Alijibu kwamba hakunyamaza, bado anaandika kitabu cha tatu. Nikapiga hesabu kichwani, nikapata miaka ishirini na saba. Nikamwambia kwetu Lubumbashi fundi wa namna hiyo angeshafukuzwa. Alicheka mpaka akakaa juu ya katoni, na Burhani, aliyekuwa amebeba friji mgongoni, akatuomba tucheke pembeni apite.

Tangu hapo nilipita kwake Jumapili nyingi, soko la Flagey likiwa limejaa watu. Mara ya kwanza nilikwenda kurekebisha mlango wa kabati. Baadaye nilikwenda tu. Kahawa yake ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe, na nilimwambia hivyo. Alijibu kwamba nisipoipenda, kuna mikahawa kumi chini barabarani. Hatukupotezeana muda kwa heshima za bure. Wazungu wengi wa Brussels wanapenda kuniambia pole kwa habari za Kongo. Yeye hakuniambia pole hata mara moja. Aliuliza maswali.

Alikuwa mtoto wa mgodi wa makaa ya mawe, huko Kentucky, bonde ambalo alisema hata ramani hailitaji. Mwaka 1951, yeye akiwa na miaka kumi na mitatu, gesi ililipuka chini ya ardhi na wanaume thelathini na wanane hawakutoka. Baba yake alikuwemo, na kaka yake pia. Kitabu cha tatu kilikuwa cha hao. Kila mtu shairi lake, kwa jina lake. Hakutaka kuandika kwamba walikuwa mashujaa. Alitaka kuandika kwamba huyu alikuwa anakula kitamutamu kwanza kabla ya chakula, kwa sababu ukifa kabla ya adhuhuri hutaki kuwa umekiacha. Kwamba huyu alikuwa na viatu vya kuazima. Kwamba huyu alikuwa amegombana na mkewe asubuhi ile na mke akamfungia mkate bila chumvi.

Habari hizo alizipata kwa barua. Kwa miaka mingi aliwaandikia wajane, kisha watoto wa wajane. Wao walimtumia barua za zamani na picha, naye akishamaliza kuandika alizirudisha zote, maana ndivyo alivyoahidi. Kila kitu alichobaki nacho kilikuwa kwenye madaftari ya shule yenye jalada jeusi, kwa penseli. Kompyuta hakuitaka. Hakutaka kunakili chochote kabla ya kumaliza, kwa sababu, alisema, kitu ukikinakili unaanza kukiamini.

Jumapili moja ya mwaka 2009 aliniuliza habari za baba yangu. Nilimwambia alikuwa mtu wa mgodi wa shaba, upande wa Likasi, na alifia chini mwaka 1979. Akauliza alibeba chakula katika nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia: katika kopo la maziwa ya unga. Mama alimwekea bukari, ugali wetu, na kipande cha samaki. Bukari alikula, samaki hakumgusa. Alimrudisha jioni, akatugawia sisi watoto, na sisi tulidhani baba hapendi samaki. Siku aliyokufa wenzake walituletea kopo lake. Samaki alikuwemo. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaolia, nikaenda nyuma ya jiko nikamla peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shule niliacha mwezi uliofuata.

Maman Verna alikuwa na penseli mkononi, lakini siku zote alikuwa na penseli mkononi. Nilimaliza kahawa yangu mbaya nikaenda zangu.

Oktoba 2011 kodi ya Flagey ilimshinda, akapata chumba kimoja kwenye jengo la manispaa huko Anderlecht, ghorofa ya saba. Alikuwa na miaka sabini na tatu. Alitupigia sisi.

Hapa lazima nieleze jinsi sisi watu wa Katanga tunavyofanya kazi hii. Kuhamisha watu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kontena. Anayehama anatupa vitu, na anachotupa sisi tunakituma Lubumbashi: magodoro, majiko, nguo, sufuria, hata vitabu vya watoto. Dada yangu Berthe ana depo huko, mtaa wa Katuba, anapokea na kuuza. Na kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika: kitu ambacho mteja amekitenga karibu na mlango, mbali na vingine, ni chetu. Tunaita ya mlangoni. Mteja anaona aibu kusema chukueni takataka zangu, basi anaisogeza mlangoni, na sisi tunaona aibu kusema asante kwa takataka, basi tunaichukua kimya. Hatuulizi. Nimefanya hivyo miaka kumi na mitano bila mtu kulalamika.

Siku ile kulikuwa na katoni moja mlangoni kwa Maman Verna, haikuandikwa kitu, imefunikwa shali kuukuu. Yeye alikuwa jikoni akimlipa mtu wa gesi. Burhani alisimama akaitazama.

"Papa Océane, uliza kwanza," aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu kama kawaida.

"Ukimuuliza Mzungu anaanza kufikiri," nikasema. "Beba."

Akabeba. Haikuingia kwenye lori upande wa vyombo vyake. Iliingia upande wetu.

Siku ya tatu alinipigia simu. Alisema kuna katoni moja haioni. Aliiweka mlangoni makusudi isichanganyike na zingine, kwa sababu ile alitaka kuibeba mwenyewe kwenye teksi, mapajani. Aliifunika shali yake. Ndani yake ni madaftari.

Nilielewa pale pale. Nilikuwa nimesimama kwenye ghala, na kontena lilikuwa mbele yangu, mita kumi hivi, mlango wazi. Katoni ile ilikuwa ndani, katikati, na mbele yake, upande wa mlango, tulikuwa tumeshapanga friji kumi na nne na magodoro hadi darini. Kuitoa kulihitaji watu wanne na siku nzima, na wenye mizigo mingine wangeuliza kwa nini, nami ningelazimika kuwaambia kwamba mimi Hénock, anayejiita bwana wa kazi, ameiba katoni ya bibi kizee. Katika kazi yangu jina ndilo duka.

Nikamwambia atafute vizuri. Nikamwambia katoni zinafanana, na watu wakihama huwa wanasahau walipoweka vitu. Sauti yangu ilikuwa ya upole. Hilo ndilo linalonikera zaidi nikikumbuka.

Alitafuta siku sita. Alinipigia kila siku, na kila siku nikamwambia afungue nyingine. Burhani alijua. Siku ya nne aliniambia tu kwamba yeye yuko tayari kushusha friji hata peke yake. Nikamwambia ashughulike na yake. Siku ya sita kontena lilifungwa na kwenda Antwerp, na kutoka pale likapanda meli ya Dar es Salaam.

Mpango wangu ulikuwa huu. Kontena likifika, Berthe ataitoa katoni, ataituma kwa msafiri, nami nitaipeleka Anderlecht niseme ilikuwa imejificha kwenye lori. Hakuna atakayejua. Nikampigia Berthe, nikamwambia kuna katoni ya madaftari, aniwekee. Sikusema ni madaftari gani, wala ya nani. Ningesema zaidi, dada yangu angejua nimekosa, na Berthe akijua kitu, Katuba nzima inajua.

Wiki kumi nilimkwepa Maman Verna. Alipiga simu mara chache zaidi, kisha akaacha.

Januari 2012 msafiri alinipigia, tukakutana Porte de Namur, kwenye mdomo wa metro. Alinipa mfuko mzito. Sikungoja kufika nyumbani, niliufungua pale kwenye ngazi, watu wakinipita. Ulikuwa umejaa madaftari ya rangi ya kijani na ya samawati. Hesabu za kujumlisha. Michoro ya ng'ombe. Jina la mtoto wa Kiflamandi ambaye wazazi wake tuliwahamisha mwezi huo huo wa Oktoba. Mwalimu alikuwa amempa nyota kwa kila ukurasa.

Nikampigia Berthe nikiwa bado nimesimama kwenye ngazi.

"Mudogo yangu, si ulisema madaftari?" alisema. "Njo ile nilikuwekea."

Nikamuuliza kama hakukuwa na mengine, meusi.

"Ile ya mweusi ilikuwa imejaa maandiko, bon, haikukuwa na nafasi ya kuandika tena. Ile tuliuzia ba maman ba karanga, kama kila mwaka."

Nilijua anachosema. Nimekua kwa karanga hizo. Mama anakaa na sinia, anachana karatasi, anaizungusha vidoleni inakuwa pembe, anatia karanga, anakunja mdomo. Karatasi ya penseli wanaipenda kuliko ya wino, kwa sababu haichafui karanga.

Ndipo nilimwambia Berthe kila kitu, mambo ambayo nilipaswa kumwambia Oktoba. Hakunitukana. Aliuliza kama huyo mama ana watoto. Nikamwambia hana. Akasema basi kesho asubuhi anaanza sokoni.

Jioni hiyo hiyo nilipanda hadi ghorofa ya saba. Katoni zote zilikuwa zimefunguliwa, vitabu vimetapakaa sakafuni, na Maman Verna alikuwa ametengeneza kijia kati yake kutoka kitandani hadi jikoni. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Desturi ya mlangoni, friji kumi na nne, siku sita, mtoto wa Kiflamandi, karanga. Sikuruka kitu. Aliponiuliza kama siku ile ya kwanza aliyonipigia kontena lilikuwa bado liko, nilisema lilikuwa mbele yangu.

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliniambia nimtengenezee kahawa, niifanye kali ninavyoipenda, kwa sababu hakutaka kufanya kitu chochote kwa mikono yake jioni ile. Tukanywa. Kisha akaniomba niondoke.

Berthe alizunguka masoko matatu kwa wiki sita. Aliuza deponi nusu siku, nusu nyingine alinunua karanga. Aliwaambia wauzaji wote kwamba karatasi yenye penseli ya kizungu anainunua, ikiwa na karanga au bila. Wengine walimletea karatasi za mitihani, barua za kanisa, hati ya ndoa ya mtu. Watoto wa mtaa walishiba karanga mpaka wakazikataa. Machi alituma bahasha. Ndani yake kulikuwa na karatasi ishirini na tatu, zimekunjika kwa mshazari, zina mafuta na chumvi. Moja ilikuwa imechanwa katikati na Berthe aliishona na uzi mweupe, kwa mkono, kama kitambaa, kwa sababu aliogopa gundi ingefuta penseli.

Nilizipeleka Anderlecht. Maman Verna alikuwa amepata kiharusi kidogo Februari, mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Aliipokea bahasha kwa mkono wa kulia, akainusa.

"Karanga zilikuwa nzuri?" aliniuliza.

Nikamwambia dada yangu anasema zilikuwa za mwaka jana.

"Basi walinunua kitu cha zamani ndani ya kitu cha zamani," akasema, na mdomo ukamcheka upande mmoja.

Alizipanga kitandani, moja moja. Alinitajia majina. Huyu mzima. Huyu mzima. Huyu hana mwisho. Baba yake hakuwemo. Kaka yake alikuwemo, mwenye uzi wa Berthe kifuani. Alipomaliza alizipitia tena kutoka mwanzo, haraka zaidi, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni ambako ameshatafuta. Nilimuuliza anamtafuta nani, kwa sababu mwenye baba na kaka ni yeye, na hao nilikuwa nimeshawasikia.

"Wa kwako," alisema. "Daftari la kumi na moja. Alikuwa wa mwisho. Thelathini na tisa."

Sikuelewa, akanieleza polepole. Alimaliza wale thelathini na wanane mwaka 2009 akaona kitabu hakifungiki. Ndipo nilipomwambia habari ya kopo la maziwa. Aliandika baba yangu miaka miwili, jina lake kamili, Kazadi wa Likasi, na samaki, na mtoto nyuma ya jiko. Alisema ndilo shairi bora alilowahi kuandika, na kwamba alitaka kunisomea siku akihamia Anderlecht, vitu vikishapangwa. Ndiyo maana katoni ile alitaka kuibeba mapajani.

Baba yangu hana kaburi lenye jina. Kampuni ilitoa jeneza na gunia la unga. Hakuna mahali popote duniani palipoandikwa kwamba aliishi, isipokuwa katika daftari lile jeusi, nami ndiye niliyemrudisha Katanga akafungiwe karanga.

Mei Maman Verna alinitaka nimwambie tena habari za baba. Alikuwa na daftari jipya. Nilikaa, nikasema baba alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mcha Mungu, hakuwahi kutupiga bila sababu. Aliandika mistari michache akaweka penseli chini.

"Huyo ni mtu wa kwenye mazishi," alisema. "Yule wa kopo yuko wapi?"

Nilianza habari ya samaki. Nilifika pale wenzake walipoingia uani, nikashindwa. Nilijaribu tena Jumapili iliyofuata, na nyingine. Mara ya kwanza nilisimulia bila kujua nasimulia. Sasa nilijua, na kila neno nililiangalia kama litanisamehe. Yeye aliona hivyo kabla yangu. Alifunga daftari na hakulifungua tena mbele yangu.

Alifariki Machi 2013. Tuliokuwa makaburini ni mimi, Burhani, binti yangu Océane, na mwanamke mmoja wa ubalozi aliyekuwa na haraka. Chumba chake nilikihamisha mwenyewe. Mlangoni hakukuwa na kitu. Hata hivyo nilisimama pale muda mrefu, na Burhani hakuniambia tuondoke.

Mwaka 2015 mchapishaji wake wa Marekani alitoa kitabu cha tatu. Kina kurasa thelathini na moja. Océane, anayesoma Kiingereza, alinisomea dibaji mezani. Inasema mshairi alifanya kazi hii muda mrefu, na kwamba sehemu kubwa ilipotea wakati wa kuhama. Ndivyo alivyowaambia, kwa mkono wake, katika barua ya mwisho. Wakati wa kuhama. Jina langu hakulitaja. Océane alisema hilo ni jambo zuri. Nilimwambia anisomee yule anayekula kitamutamu kwanza, lakini huyo hayumo.

Nimeacha ya mlangoni. Sasa nauliza, hata kama ni ufagio, na wateja wengine wanafikiri kisha wanabaki nao.

Hesabu ni hii. Watu thelathini na tisa. Tisa wamo kitabuni wazima, wawili ni nusu. Ishirini na wanane hawapo, na mmoja wao ni baba yangu. Kwa Maman Verna ni miaka thelathini na minne ya kazi. Kwangu ni siku sita. Kulifungua kontena kungechukua watu wanne, siku moja.